Sura Nne za Avoka

Kitambaa kilipokunjuliwa juu ya meza, Jeannine alikitambua kidevu kwanza, kisha sura. Miaka ishirini ilikuwa imemnenepesha mwenye kidevu, ikamvalisha miwani ya dhahabu na mashavu ya mtu anayepikiwa. Lakini kidevu kilikuwa kilekile, kimenyanyuliwa juu, kama vile dunia nzima inanuka na yeye peke yake ndiye aliyeoga.

Kilikuwa kitenge cha kijani. Sura ya mtu huyo ilichapwa ndani ya duara, ikarudiwa kote kwenye kitambaa, na kila duara limezungukwa na maandishi: MAÎTRE ÉVARISTE, SAUTI YA WASIO NA SAUTI.

"Anafika Jumamosi ya wiki kesho," alisema Mama Jemima, kiongozi wa kina mama wa kanisa la Wakongomani pale Ladywood. Alikuwa amekuja hadi Small Heath, nyuma ya duka la Gedi kwenye Coventry Road, ambako Jeannine alikuwa na kona yake ya cherehani. "Anagombea ubunge kule nyumbani. Tunamupokea na uniforme, mimi na bamama batatu. Sura ikae mugongoni, hapa katikati ya mabega, ili tukigeuka batu baione."

"Na baada ya kugeuka?"

"Papa Ciza atamuwekea mikono, tumuombee. Bote batapiga video, itumwe kule ziwani, kila kijiji kione kama siye ba-Birmingham tuko nyuma yake." Alimtazama Jeannine usoni, kidogo kwa wasiwasi. "Najua mambo ya zamani, mama. Lakini vita ilikuwa ya batu bote. Ni vile?"

Jeannine alipitisha kiganja juu ya kitambaa kukinyoosha. "Nitashona," alisema.

"Ah! Nilijua wewe hauna kinyongo."

Hakujua kitu. Kinyongo ndicho kilichomvusha Jeannine ziwa, kikamlinda kambini Tanzania, kikampandisha ndege na kumteremsha Birmingham kwenye baridi bila kumwaga hata tone. Wengine walipoteza vyeti njiani, wakapoteza picha, wakapoteza watoto. Yeye kinyongo chake kilifika kizima.

Kilianzia kwenye redio. Wakati ule Évariste alikuwa msemaji wa kundi moja la wenye bunduki. Alikuwa mwanasheria, amesoma, na kundi lilimweka mbele kwa sababu wauaji nao hupenda kusemewa na mtu anayejua sarufi. Siku moja watu wake waliingia kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Mama yake Jeannine alikuwa pale na beseni la ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani. Hakurudi, na beseni halikurudi. Wiki ileile Évariste alialikwa redioni, na mtangazaji akamuuliza kwa adabu: inasemekana waliouawa ni raia, hata mama mmoja mwuza ndagala, jina lake Mwavita.

"Mwavita?" Évariste alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyeshiba. "Basi ndugu mtangazaji, unaniuliza nini? Jina lenyewe linasema. Mtu wa vita! Pale hapakuwa na raia. Wale wote ni waasi."

Mtangazaji alicheka.

Jeannine alikuwa amekaa kwenye mkeka wa matanga, kichwa kimenyolewa, redio ya jirani iko dirishani. Alikisikia kile kicheko. Kila mtu katika nchi ile anajua kwamba mtoto wa kike akizaliwa wakati watu wanakimbia vita anaitwa Mwavita, kama vile mwingine anavyoitwa kwa mvua au kwa njaa. Évariste alijua. Shangazi yake mwenyewe aliitwa hivyohivyo. Lakini alilikuta jina la maiti limelala pale, akaliokota, akalifanyia mzaha, na mzaha ukageuka hukumu. Tangu siku ile, katika karatasi zote za wakubwa, mwuza ndagala yule ni mwasi. Na sasa alikuwa anakuja Ladywood kuwekewa mikono.

Alipokwisha kuondoka Mama Jemima, Gedi alitokea mbele ya duka, kikombe cha chai mkononi. Msomali huyo alikuwa amekulia Eastleigh, Nairobi, na hakuna kitu kilichoingia dukani kwake bila yeye kukitolea maoni.

"Sasa huyu ni nani, Mama Jeannine? Anakaa kama mtu amekula lunch ya watu kumi."

"Ni avoka."

"Avocado?"

"Avoka. Mwanasheria. Kwetu njo tunavyosema, ni Kifaransa, na cheo chake njo hiyo Maître." Jeannine alianza kukunja kitambaa. "Hata avocado tunasema avoka. Ni neno moja."

"Kwa hivyo mkishtakiwa mnaletewa tunda?" Gedi alicheka peke yake, akarudi kwa wateja wake. Jeannine hakucheka. Wakati huo lile neno lilimpita tu, kama basi la njia nyingine.

Alikuwa na kitabu kikubwa alichokiokota kwa bei ya bure katika duka la hisani pale Acocks Green, karibu na kwake. Alikinunua kwa sababu kilikuwa cha Kifaransa, na shule yake iliishia pale vita ilipoanzia; kilichobaki alijisomea mwenyewe, popote karatasi ilipopatikana. Kilikuwa kitabu cha michoro ya dhihaka ambayo Wafaransa waliichapa katika karne ya kumi na tisa. Jeannine alikipenda kama wengine wanavyopenda kitabu cha nyimbo. Alimpenda jenerali mwenye tumbo aliyekalia ngoma, na ngoma ile ukiitazama vizuri ni kijiji. Alimpenda waziri anayeshindilia karatasi za kura ndani ya mzinga. Alipenda ule ukatili wa kalamu. Hawa watu, aliwaza, hawakuandika barua za malalamiko. Waliwachora wakubwa wao hadi wakubwa wakashindwa kutembea barabarani.

Siku iliyofuata Kijakazi alikuja kushona mapindo na vifungo, kazi aliyokuwa akimsaidia Jeannine. Alikuwa mtu mzima wa Mombasa, mjane, mwenye mdomo usio na mlango. Alikikuta kitabu kimefunguliwa mezani, kando ya kile kitenge.

"Na haya matunda yenye macho n'ya nani tena?"

"Ni mfalme wao, bi Kijakazi. Aliwaudhi watu. Basi mchoraji akamchora mara nne. Ona: ya kwanza ni mfalme kabisa. Ya pili, paji la uso limebanwa kidogo. Ya tatu mashavu yameshuka. Ya nne hakuna tena mfalme, limebaki tunda. Poire."

"Pua?"

"Poire. Tunda kama…" Jeannine alichora hewani: juu jembamba, chini nene.

"Si useme pea!" Kijakazi alisema. "Kwetu twalijua pea, nyanya yangu alikuwa na mti uani. Kijani hivi, ndani lina kokwa, twalitia sukari na ndimu. Wallahi yafanana naye. Mfalme mzima kuwa pea!"

"La, hilo unalosema wewe ni avoka. Huyu ni mwingine, tunda la baridi, halina kok…"

Hapo ulimi ulisimama.

Alitazama kitabu. Alitazama kitenge. Kijani. Kidevu, mashavu. Kijakazi alikuwa amekosea tunda, lakini kosa lake lilikuwa zuri kuliko ukweli wa Wafaransa. Wao walilazimika kumtafutia mfalme wao tunda. Huyu wa Jeannine alikuja nalo kwenye cheo chake. Alilisomea, akalipa karo, akalitundika ukutani na muhuri juu.

"Walimfanyaje huyo mchoraji?" Kijakazi aliuliza.

"Walimshtaki. Akawaonyesha mahakamani hizi nne, akawauliza: mnifunge kwa ipi? Ya pili inafanana na ya kwanza, ya tatu inafanana na ya pili. Kama tunda linafanana na mfalme, kosa langu ni lipi?"

"Wakamwacha?"

"Walimfunga. Lakini walikuwa wamechelewa. Watu walishaanza kulichora tunda kwenye kuta za mji mzima."

Kijakazi aliweka pindo chini. "Mwanangu, hayo macho yako siyapendi."

"Bamama ni wangapi?" Jeannine alijiuliza kwa sauti, akajijibu. "Ni wanne."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa anayejua nguo. Ilitaka mkono usiotetemeka, na wa Jeannine ulikuwa umetulia miaka ishirini ukingoja. Nguo ya Mama Jemima aliiacha kama ilivyo, duara katikati ya mgongo, sura imekaa kwa heshima, kila nywele mahali pake. Nguo ya pili aliibana kwa ndani mkunjo mmoja mwembamba, juu ya paji la uso, na akili za Maître zikapungua. Ya tatu aliitia mikunjo miwili pembeni, huku chini akiachia kitambaa kilegee, mashavu yakamwagika hadi karibu na kiuno. Ya nne alikaa nayo kuliko zote. Kichwa kilibaki kama kikonyo. Macho yakasogeleana, pua ikazama, na ile miwani ya dhahabu ikawa mstari tu. Chini yake kila kitu kilikuwa duara, nene, kijani. Kisha akachukua kifungo kikubwa, akakivika kitambaa cha kahawia, akakishona katikati.

"Kokwa," alisema Kijakazi, akajishika mdomo. Halafu akaushusha mkono, uso umebadilika. "Na hawa wanawake watakaovaa, wamekukosea nini?"

"Wamekubali kuvaa."

"Hilo tu?"

"Hilo ni kubwa, bi Kijakazi. Mama yangu hakuulizwa kama anakubali."

Aliwaita kupima mmojammoja, kila mmoja siku yake. Nguo ikiwa peke yake haikusema kitu. Mtu angeona kitenge kilichobanwa kufuata mwili, basi. Mgongo wa mtu hauonekani na mwenyewe, na kioo cha Jeannine kilikuwa kidogo, kimetundikwa juu makusudi. Wa mwisho, Charity, ndiye pekee aliyemtia hofu. Alipeleka mkono nyuma, akakipapasa kifungo.

"Na hii ni ya nini?"

Sindano ilikuwa katikati ya midomo ya Jeannine. Aliitoa polepole. "Inashika mshono. Ni mtindo, mama. Paris wanavaa."

"Ah, kama ni Paris," Charity alisema, akajigeuza mbele ya kioo kidogo, ameridhika na kiuno chake.

Jumamosi ilifika. Ukumbi ulikuwa chini ya maghorofa ya Ladywood, mchana mweupe, mvua nyepesi madirishani. Wali, pondu ya majani ya muhogo na mikate ya ngano vilikuwa vimepangwa mezani. Watu walijaa, na simu zilikuwa juu hata kabla ya mgeni kuingia. Jeannine alikaa kiti cha pembeni na Kijakazi, ambaye hakuna mtu aliyemwalika.

Maître Évariste aliingia na viatu vinavyong'aa na manukato yaliyomtangulia. Papa Ciza, mzee wa kanisa, alimshika mkono wakapanda jukwaani pamoja. Maître alizungumza. Alisema amekuja kwa ndugu zake. Alisema damu zote zina rangi moja. Alisema zile siku zilikuwa siku mbaya kwa kila mtu, na aliposema "kila mtu" alijigusa kifuani, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa sokoni na beseni. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alilia, na Jeannine alimjua: kaka yake alizikwa shimo moja na Mwavita.

Jeannine alitazama mlango. Kama kina mama wanne wangekosea mpangilio wa kusimama, kila kitu kingekuwa nguo nne za kitenge zilizoshonwa vibaya, na lile duara la kijani lingekwenda nyumbani limebarikiwa. Ndiyo maana alikuwa amewapanga mwenyewe nje mlangoni, akijifanya anarekebisha pindo: "Mama Jemima mbele, maana wewe ni kiongozi. Charity mwisho, maana wewe una sauti ya kufunga."

Waliingia wakiimba. Walisimama mbele ya jukwaa, wamemwelekea mgeni, na kwa hiyo wa kwanza kuiona migongo walikuwa watu wa ukumbini. Wimbo uliendelea ubeti mmoja. Minong'ono ikaanza nyuma. Mtu akakohoa, mwingine akamgusa jirani yake. Mama Jemima alidhani wanafurahi, akaongeza sauti. Kiitikio kikafika, wakageuka wote wanne kwa pamoja, mikono juu, wakampa Maître migongo.

Alizisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu asomavyo barua. Yeye. Yeye aliyebanwa. Yeye aliyeyeyuka. Kisha kifungo.

"Pea!" Kijakazi alipiga kelele toka pembeni. "Jamani, amekuwa pea!"

Wakongomani hawakuelewa neno hilo, wakageuka kumtazama. Lakini Papa Ciza, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliinamisha kichwa, akavaa miwani, akasogeza uso hadi karibu na mgongo wa Charity. Alikuwa mtu wa makini, asiyependa jambo lipite bila kueleweka. Akasema taratibu, kwenye kipaza sauti alichokuwa ameshika:

"Mais… c'est l'avocat."

Halafu mtu mmoja alijipiga paja, akatamka neno lile kwa sauti, avoka, mara moja kwa maana ya mwanasheria, mara ya pili kwa maana ya tunda, na ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Yule mwanamke aliyekuwa analia alicheka na machozi yaleyale. Simu zote zilikuwa juu.

"Kimya!" Maître alisema. "Nani ameshona hizi nguo?"

Jeannine alisimama. "Mimi."

"Umenigeuza tunda?"

"Maître, nimeshona kitambaa chako mwenyewe. Kitambaa kimefuata mwili wa mvaaji. Nguo ya kwanza inakufaa?"

Alizitazama bila kutaka. "Ya kwanza haina kosa."

"Ya pili inafanana na ya kwanza. Ya tatu inafanana na ya pili. Wewe umesomea sheria, niambie nilikukosea kuanzia ya ngapi."

Kicheko kikapanda tena. Na hapo Maître Évariste alifanya kile ambacho Jeannine hakuthubutu hata kukiombea. Kidevu kilinyanyuka. Ile sauti laini ikakauka, na nyuma yake ikatoka ile nyingine, ya redioni.

"Hii ni njama. Najua nani amewatuma. Hapa hakuna mama wala nini! Hawa wote ni waasi!"

Mama Jemima, aliyekuwa bado amempa mgongo, aligeuka polepole. Jasho la kumwimbia lilikuwa halijakauka. "Siye?" aliuliza. "Siye, Maître, tuko waasi?"

"Njo jina lake analowapa watu," Jeannine alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Mama yangu alikuwa na beseni la ndagala. Huyu akamwita mwasi redioni. Ushahidi wake ulikuwa jina: anaitwa Mwavita, basi ni mtu wa vita. Mnakumbuka. Kuna waliocheka, na wengine wenu mko humu. Haya, Maître. Na wewe jina lako linasema lenyewe. Uliniuliza kama nimekugeuza tunda. Sikukugeuza. Avoka ni avoka."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Maître alimgeukia Papa Ciza, akainamisha kichwa kidogo, kichwa cha kuwekewa mikono, kama vile sala ingeweza bado kuokoa video. Papa Ciza alimtazama. Kisha akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya koti, na hakuitoa.

Jumatatu mzee huyo alimpigia Jeannine simu. Maître alikuwa anaomba nguo zirudishwe na video zifutwe. Yuko tayari kuzungumza. Anataka kujua Jeannine anataka nini.

"Aende redioni," Jeannine alijibu. "Ileile. Aseme: Mwavita alikuwa anauza ndagala, na mimi nilidanganya."

"Hatasema, mama."

"Basi tusisumbuane, papa."

Mama Jemima hakumsalimia tena Jeannine, si kanisani, si kwenye basi. Alisema ametumiwa kama kamba ya kuanikia, na Jeannine hakumpinga, maana ilikuwa kweli. Lakini nguo hakuirudisha. Hakuna hata mmoja kati ya wanne aliyeirudisha.

Kiti cha ubunge Évariste alikipata, maana viti vya namna hiyo havitegemei sana wapigakura. Asitokee mtu wa kusema kwamba kicheko kinaangusha serikali. Ila binamu yake Jeannine alimwandikia kwamba msafara wa mheshimiwa ukipita kando ya ziwa, wauza matunda husimama, kila mmoja akainua avoka moja juu, bila kusema kitu. Askari wanateremka, wanauliza, wanatazamana. Watamkamata nani? Watu wanauza matunda.

Kitenge kilibaki kipande, na ndani yake duara moja zima, na kidevu. Jeannine alikikunja mara mbili, akakitia pamba katikati, akakizungushia mshono wa nguvu. Kipo jikoni kwake Acocks Green. Sufuria ya maharage ikitoka motoni, ikiwa bado inatokota, anaiweka hapo, juu ya uso, na anaibonyeza kidogo.